Harufu ya kituo cha mboji: tuliitafuta saa 4 asubuhi, kumbe inapita saa 11 alfajiri (uzi wa kupima mazingira ya eneo, Mbeya)

MbojiNyanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Naendesha kituo kidogo cha mboji pembezoni mwa Jiji la Mbeya, upande wa kuelekea Uyole. Tunapokea taka za sokoni (kabichi, maganda ya ndizi, nyanya na parachichi zilizooza), mavi ya ng'ombe ya wafugaji wa jirani, na pumba za mpunga zinazokuja na malori kutoka Mbarali. Tuko watu 6, na uwanja wa kazi ni kama mita 40 kwa 25. Nyuzi za mboji humu ni nyingi, na karibu zote zinafundisha kupanga lundo na kutumia mbolea shambani. Kuhusu eneo lenyewe, yaani hewa yake, maji yake, udongo wake na watu wanaolala karibu nalo, sijaona kitu. Naandika kwa urefu kwa sababu jambo hili nusura litufungishe kazi.

Mwaka jana mwezi wa 6 majirani wa bondeni walianza kulalamikia harufu. Mwenyekiti wa mtaa akatuita. Kabla ya kikao nilijiandaa: siku 5 mfululizo, saa 4 asubuhi, nilizunguka uzio nikiwa na daftari, nikasimama sehemu 8, nikanusa, nikaandika. Siku zote 5 niliandika "harufu hafifu" au "hakuna". Nikaenda kikaoni nikiwa na uhakika kwamba watu wanatuonea.

Bibi mmoja anayekaa kama mita 200 chini yetu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mjukuu wangu, wewe unakuja kunusa harufu ikiwa imeshaondoka. Kesho njoo kwangu saa 11 alfajiri, uamshwe nayo kama sisi."

Nilikwenda. Baridi ya Juni mnaijua. Bibi alikuwa ameshawasha moto jikoni, na jambo la kwanza nililoliona lilikuwa moshi wake: ulitoka kwenye paa, ukapanda kidogo tu, ukalala. Ukaanza kutambaa kuelekea bondeni kama maji yanayotafuta mfereji. Harufu yetu ilikuwa imejaa ua mzima. Mayai viza, kabichi iliyooza, na kitu kingine kizito kinachokaa kooni. Nyumba ya pili walikuwa wameziba dirisha kwa kanga, na ndani watoto wanakunywa chai waende shule. Sikuwa na la kusema. Niliomba radhi nikiwa nimesimama palepale uani.

Sababu yenyewe ni hii, na inatuhusu sana sisi wa nyanda za juu. Kiangazi usiku anga ni jeupe, ardhi inapoteza joto haraka, na hewa inayoigusa inapoa na kuwa nzito. Hewa hiyo nzito inateremka kutoka milimani (kwetu ni upande wa Loleza) inafuata mabonde na makorongo. Juu yake kunakuwa na hewa yenye joto zaidi inayokaa kama mfuniko, kwa hiyo harufu haipandi wala haitawanyiki. Jua likishachoma, mfuniko unavunjika, upepo wa mchana unaanza, na mara nyingi unavuma upande mwingine kabisa. Vipimo vyangu vya saa 4 vilikuwa vya kweli, ila vilikuwa vya saa ambayo haimuumizi mtu.

Tulibadilisha utaratibu. Nguzo moja ndefu ina utepe mwepesi juu, na asubuhi mapema tunafukiza moshi kidogo wa majani makavu kuona hewa inaelekea wapi. Harufu tunaipa alama kuanzia 0 hadi 5. Lakini anayenusa hatoki kwetu, maana pua ya mtu anayeshinda kwenye mboji imezoea na haioni tena. Bibi nilimpelekea kalenda ya ukutani. Siku akiamka na harufu anachora duara kwenye tarehe. Ikimkera sana anachora mawili. Hiyo kalenda imetusaidia kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Kisha tukarudi kwa malundo. Kila lundo lina namba, na joto linapimwa sehemu 3 kila siku, kwa kina. Kwenye daftari, malundo mengi yalikuwa na nyuzi 58 hadi 64 katikati. Lundo namba 7 lilikuwa na 38 na halikuwa limepanda kwa siku 9. Nilichukua kiganja kimoja kutoka ndani nikakikamua: maji yalichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mboji yenye unyevu sawa (asilimia 50 hadi 60) ukiikamua inatoa tone moja mawili, na ukifungua mkono bonge linabaki limeshikana. Ile ilikuwa tope. Kulikuwa na nyanya na kabichi nyingi, pumba kidogo, na hakuna hewa ndani. Oksijeni ikiisha, wanaobaki kazini ni bakteria wasiohitaji hewa, na hao ndio wanaotoa ile harufu ya mayai viza.

Dawa ilikuwa pumba, na kuchagua saa ya kugeuza. Sasa tunageuza kati ya saa 5 na saa 9 mchana tu, hewa ikiwa inapanda. Zamani tuligeuza saa 12 asubuhi ili tukwepe jua. Yaani tulikuwa tunafungua lundo na kulimwagia bonde lote saa mbaya kuliko zote.

Karibuni wenye uzoefu, hasa wa maji ya mvua. Hapo bado tunajifunza.


FundiMaabara

Mkuu, uzi mzuri. Naongeza la kipimajoto, kwa sababu ukipima kwa kifaa kibovu daftari lote linakuwa halina maana.

Watu wengi huhakiki kipimajoto kwa kukitumbukiza kwenye maji yanayochemka wakitarajia 100. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka karibu na nyuzi 94. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza kama nyuzi 1. Kwa hiyo kikisoma 94 kiko sawa. Kikisoma 100 ndio kibovu. Njia rahisi ni barafu: ponda barafu, ongeza maji kidogo, koroga, subiri, kisome 0. Hiyo haibadiliki na mwinuko.

La pili, tafuta chenye fimbo ndefu ya kuchoma, angalau nusu mita. Kifupi kinapima ganda la nje ambalo baridi ya usiku imeshalipoza. Ukikichoma usikimbilie kusoma, subiri mshale utulie kabisa.

Na msiishie kuandika joto la siku moja. Kigezo cha Marekani kwa malundo marefu yanayogeuzwa ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo lundo ligeuzwe mara 5, ili kila sehemu ya nje ipate zamu ya kuwa ndani. Hapo ndipo mayai ya minyoo na vimelea vya kwenye kinyesi vinakufa. Lundo lililofika 65 siku 2 kisha likapoa halijatimiza.


MbojiNyanda

FundiMaabara, ahsante sana. Mwaka juzi tulitupa kipimajoto kizima kwa sababu kilisoma 94 kwenye sufuria. Nimewaonyesha wenzangu ujumbe wako sasa hivi, wamenyamaza.


Nkasu wa Tukuyu

Ndaga. Wewe unalia na baridi, njoo huku Rungwe ulie na mvua. Huku zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, na masika yenyewe haijui kupumzika. Nina lundo la mashina ya migomba, mavi ya ng'ombe na maganda ya kahawa, na kila Aprili linageuka bwawa. Maji meusi yanatoka chini yanaelekea kwa jirani mwenye kisima. Mnafanyaje? Kuezeka uwanja mzima siwezi.


MbojiNyanda

Kaka, hilo ndilo lililotupiga Machi. Ngoja nieleze tulivyokosea ili wewe usirudie.

Kwanza hatukupiga hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wetu ni mita za mraba 1,000. Mvua ya milimita 30, ambayo kwa masika ni ya kawaida tu, ni lita 30,000 ndani ya jioni moja. Sisi tulikuwa tumechimba shimo la lita 5,000 tukajiona tumejiandaa.

Pili, tulipanga matuta (yale malundo marefu ya mboji) kukingama mteremko. Kila tuta likawa bwawa, maji yakakaa nyuma yake, yakaingia ndani, likapoa. Matuta yanatakiwa yafuate mteremko, kutoka juu kwenda chini, maji yapite katikati yao. Mteremko wenyewe uwe wa mita 2 hadi 4 kwa kila mita 100. Ukizidi hapo maji yanabeba mboji, ukipungua yanatuama.

Tatu, udongo wetu wa volkano unadanganya. Unaumwagia maji yanazama mara moja, unasema pakavu, pasafi. Yamekwenda chini, na chini ndiko kuna maji ya visima. Tumelazimika kumwaga kifusi cha udongo wa mfinyanzi na changarawe, tukashindilia mpaka gurudumu la toroli haliachi alama.

Kuhusu kuezeka: usianze na paa, anza na mfereji wa juu. Chimba mtaro upande wa mlimani uyageuze maji ya mvua kabla hayajagusa mboji. Maji safi yakae safi, yaende zake. Unabaki na yale yaliyoanguka juu ya uwanja tu. Halafu malundo yaliyokaribia kuiva yafunike kwa turubai mvua inaponyesha, ukiacha ncha wazi yapumue. Kipima mvua kinatosha kutengenezwa kwa kopo la pande zilizonyooka na rula. Ukimwage kila saa 3 asubuhi, uandike.

Maji meusi tunayakusanya kwenye bwawa lenye plastiki nzito chini, na wakati wa kiangazi tunayarudisha kwenye malundo mapya. Kwenye lundo lililopita hatua ya joto usiyatie kabisa, utairudisha mboji kwenye vimelea ulivyokwisha kuviua.

Na kisima cha jirani, usingoje mpaka alalamike. Peleka maji yake yakapimwe naitreti (kemikali inayotoka kwenye samadi na mbolea). Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita. Pima na kisima kilicho juu yako, maana bila hicho hutajua kama tatizo ni lako au lilikuwepo. Kumbuka pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: shughuli kama hizi zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sisi tulipima kwa kamba siku ya kwanza kabisa, na ni kitu kimoja tulichokifanya sawa tangu mwanzo.


Nkasu wa Tukuyu

Ndaga fijo. Mfereji wa juu naanza Jumamosi. Matuta yangu yote yamekingama.


MkulimaHalisi

Samahani wakuu, naona mnakuza mambo. Babu zetu walikuwa na shimo la taka nyuma ya nyumba, wanatupia majivu, mabua, mavi ya mbuzi, mwaka unaofuata wanapanda viazi. Hakuna kipimajoto wala kalenda ya harufu. Mkianza hivi mtu wa kawaida ataogopa kutengeneza mboji.


MbojiNyanda

Mzee wangu, shimo la nyumbani naliheshimu, na mama yangu analo mpaka leo. Linapokea ndoo moja kwa siku, la familia moja, taka zinazojulikana zimetoka wapi. Kwetu gari linashusha tani za nyanya kwa mkupuo, zimekaa sokoni siku 3 tayari zinachuruzika. Shimo la babu likinuka, anayeinusa ni babu. La kwangu likinuka, wanaoinusa ni watu wa bonde zima ambao hawakuulizwa, wala hawauzi mboji. Ndiyo maana napima. Mtu wa shimo moja nyuma ya nyumba aendelee kwa amani, uzi huu haumhusu sana.


Mbao za Mafinga

Kamwene. Huku kwetu tatizo ni kinyume, lundo linakauka na kuwaka. Tulikuwa na lundo la vumbi la mbao lililochanganywa na mavi ya kuku, urefu kama mita 3 na nusu, Septemba, upepo mkali. Tukaona mvuke juu, tukafurahi kwamba linafanya kazi. Siku ya tatu mvuke ukawa na harufu ya kuungua, na rangi yake imebadilika kuwa ya samawati. Kijana akapanda na koleo kulifumua. Hewa ilipoingia, moto ukatoka usoni kwake. Aliungua mikono na nyusi. Amepona, lakini silisahau.

Nilichojifunza baadaye: likivuka nyuzi 70 hao bakteria wazuri nao wanaanza kufa, na joto likiendelea kupanda linakuwa la kikemia, halihitaji kiumbe tena. Lundo refu linashindwa kutoa joto, na likiwa nusu-kavu halina maji ya kulipoza. Sasa mwisho wetu ni mita 1 na nusu hadi 2, na likifika 68 linageuzwa au linalowekwa siku hiyohiyo. Asiyekuwa na kipimajoto achome nondo mpaka katikati, aiache dakika 10, aichomoe. Usipoweza kuishika, nenda katafute maji kwanza. Ukishaona moshi, usilifumue kwa pupa: tayarisha maji na watu, liondoe kidogokidogo kutoka pembeni, na upepo uwe mgongoni kwako.


DadaWaMwanjelwa

Hongera kwa wote mliochangia, lakini mmeongea majirani, visima na moto, na watu wanaoshika koleo hamjawagusa. Nilifanya kazi ya kuchambua taka kwenye kituo kimoja (sitakitaja) miezi 8. Nilitoka na kikohozi ambacho kilikaa nami muda mrefu. Lundo kavu likigeuzwa linatoa vumbi jeupe kama unga. Lile sio vumbi la kawaida, kuna mbegu za fangasi ndani yake, na mwenye pumu au kifua dhaifu linamuumiza kweli. Tulipewa vitambaa vya kufunga puani. Kitambaa hakizuii kitu.

Na kwenye taka za soko kuna chupa zilizovunjika, sindano, nyembe. Glavu za mpira za jikoni hazitoshi.


MbojiNyanda

Dada, pole sana, na ahsante kwa kusema. Umenigusa, kwa sababu hili nimelifanya nusu tu. Glavu za ngozi na buti zipo. Barakoa tulizonazo ni zile nyepesi za hospitali, ambazo kwa vumbi hili hazifai. Kesho naagiza zile ngumu zinazochuja vumbi laini na kubana uso, kwa watu wote 6.

Fangasi unaowasema, mmoja wao anaitwa Aspergillus fumigatus, na unapenda joto la mboji. Uingereza kituo kikiwa ndani ya mita 250 kutoka nyumba au mahali pa kazi pa watu wengine, mamlaka inataka tathmini ya hao vijidudu vya hewani. Bibi wetu yuko mita 200. Kwa hiyo na hili ni la majirani pia. Tunachofanya ni kuinyunyizia maji mboji iliyokauka kabla ya kuigeuza au kuichekecha, na utepe wa kwenye nguzo ukielekea nyumbani kwa watu, kuchekecha kunaahirishwa. Siku zenye upepo mkali wa Agosti na Septemba hatuchekechi kabisa.

Niongeze jingine kwa wenye mashimo ya maji meusi yaliyofunikwa: ile gesi ya mayai viza, hidrojeni salfaidi, ikizidi sana inaua uwezo wa pua kuinusa. Unadhani imeisha, kumbe ndio imekuwa hatari. Asiingie mtu kwenye shimo peke yake hata kuokota ndoo.


Mwanafunzi SUA

Mkuu, swali fupi: nzi?


MbojiNyanda

Nzi wa kawaida kwenye joto anatoka yai hadi kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Ukigeuza kila baada ya siku 4 au 5, mayai na funza walioko kwenye ganda la nje wanaingia katikati kwenye nyuzi 60 kabla hawajaruka. Tunaning'iniza karatasi za gundi 4 tunazihesabu kila Jumatatu. Idadi ikipanda, mara nyingi ni taka mpya iliyobaki wazi.


Nkasu wa Tukuyu

Mfereji umekamilika, nimepanga matuta upya. Swali langu la mwisho: kalenda ya bibi inasemaje mwaka huu?


MbojiNyanda

Nilipita kwake jana alfajiri, ananisubiri na chai siku hizi. Juni ya mwaka jana, kuanzia tarehe aliyopewa kalenda, alichora maduara 14, mengine mawili mawili. Juni hii yapo 2: tarehe 9 na tarehe 23.

Nilirudi kufungua daftari. Siku zote mbili gari la soko lilichelewa, likashusha nyanya baada ya saa 1 usiku, na vijana walikuwa wameshaondoka. Zililala wazi mpaka asubuhi. Kuanzia wiki hii kuna rundo la mboji iliyoiva getini, na mlinzi ameonyeshwa: gari likija usiku, kabla halijageuza, taka zinafunikwa kwa mboji hiyo unene wa shibiri moja. Inachuja harufu na inazuia nzi. Bibi ameomba kalenda ya mwaka ujao mapema, na amesema safari hii niongeze nafasi ya kuandikia, maana duara peke yake halitoshi kueleza harufu ilikuwa ya nini.